Stendi za mapambo: herini zisimame, zisilale

Leo hakuna programu wala hifadhidata. Leo ni mbao, msasa, gundi na hesabu kidogo ya shuleni. Wale mnaokuja hapa kutafuta habari za tarakilishi msiondoke. Hesabu ni ile ile, na mtumiaji ni yule yule mwenye haraka zake.

Nataka kueleza jinsi ya kutengeneza stendi za kuonyeshea mapambo nyumbani kwako, bila karakana na bila pesa nyingi. Zangu nilimtengenezea dada yangu mkubwa, ambaye hutunga herini, vidani na bangili za shanga na kuziuza hapa Mombasa.

Dada alikuwa akifanya kazi hotelini. Mwaka 2020 watalii walipoacha kuja kwa sababu ya Korona, hoteli ikafunga milango na wafanyakazi wakarudi majumbani. Yeye ana watoto wawili shuleni. Akachukua akiba iliyobaki, akanunua shanga, nyaya na kulabu za herini, akaanza. Mkono anao. Kidani chake naweza kukitambua katikati ya vidani mia. Lakini mwaka jana, mapema, aliniambia kwamba anajipa muda hadi likizo ya Agosti. Biashara isipotoa karo ya muhula wa tatu, ataacha shanga na kwenda kufua nguo katika nyumba za watu.

"Kufua si aibu," alisema. "Ila nikishaanza kufua, shanga sitazishika tena. Mikono haitakuwa na nguvu usiku."

Sikuwa na pesa za kumpa mtaji. Nilikuwa na Jumamosi, msumeno na digrii ya sayansi ya tarakilishi. Haya basi, tuanze.

Shida ni pembe

Nilikwenda kukaa naye siku moja nzima, na daftari. Sikuuza, sikuzungumza na wateja, nilitazama tu. Meza yake ya kukunja ina kimo cha sentimita 75. Juu yake alikuwa ametandika leso nzuri, na juu ya leso amelaza mapambo yake yote, yamepangwa vizuri kwa safu. Watu walipita, wakatupa jicho, wakaenda zao. Wachache walioinama na kushika kitu, wengi wao walinunua.

Dada anayajua haya kuliko mimi. "Asiyeinama hashiki," aliniambia, "na asiyeshika hanunui."

Sasa njooni kwenye hesabu. Chukua mpita njia ambaye macho yake yako sentimita 150 kutoka ardhini. Yuko mita 2 kutoka mezani. Macho yake yako sentimita 75 juu ya meza, kwa hiyo anaitazama meza kwa pembe ya digrii 20 hivi. Kitu kilicholala juu ya meza, kwa pembe hiyo, hakionekani kwa urefu wake wote. Kinaonekana kwa sini ya pembe hiyo, yaani 0.35. Herini ya sentimita 6 inaonekana kama kitu cha sentimita 2. Ukiisimamisha wima, unatumia kosini badala ya sini, nayo ni 0.94. Herini ile ile sasa inaonekana kama kitu cha sentimita 5.6.

Karibu mara tatu! Hujaongeza hata ushanga mmoja, hujapunguza bei, hujapiga kelele. Umesimamisha tu kilichokuwa kimelala.

Na leso? Leso ni kitu kizuri chenye maua na maneno yake, na ndiyo maana inashindana na shanga. Jicho halijui lianze wapi.

Masharti ya mtumiaji

Kabla ya kuandika programu yoyote huwa nauliza: nani ataitumia, wapi, na akiwa katika hali gani? Stendi ni vivyo hivyo. Zile za dukani, za plastiki nyeusi zenye umbo la shingo ya mwanamke, zimeundwa kwa ajili ya duka lenye kabati la kioo na mlango wa kufunga usiku. Dada yangu hana mlango. Masharti yake ni haya:

1. Abebe mwenyewe, kwa mkono mmoja. Dada anakaa ng'ambo ya Likoni na huvuka kwa feri kila asubuhi. Mtu wa miguu halipi feri, lakini pale msongamano ni wa bega kwa bega. Meza iko mkono mmoja. Vitu vingine vyote lazima viingie mkono wa pili.

2. Upepo. Mtu wa Pwani haelezwi habari za kusi. Na hata nje ya msimu wa kusi, upepo wa baharini huzidi mchana, saa zile zile ambazo wateja wanapita.

3. Upesi. Vidani vikikaa pamoja ndani ya mfuko hujifunga vyenyewe kama waya za spika. Kuvifungua kila asubuhi kulikuwa kunamla zaidi ya nusu saa.

4. Akarabati mwenyewe. Hili alilisema yeye, kwa sauti ya mkubwa: "Sitaki kitu ambacho kikivunjika lazima nikupigie wewe simu."

Sharti la nne ndilo ninalolipenda zaidi. Natamani wateja wote wa programu wangeliandika kwenye mkataba.

Kwanza nilitengeneza kila kitu kwa kadibodi ya maboksi, kwa kisu na gundi. Dada akavipanga mezani, akavikunja, akavitia mkobani, akanitajia alichotaka kibadilike. Kadibodi ni bure na haina kinyongo. Ubao ukishakatwa hauungiki.

Stendi ya kwanza: kitabu cha herini

Ni fremu mbili zilizounganishwa kwa bawaba, zinazofunguka na kufungika kama kitabu. Mahitaji: fito nne za mbao, kila moja urefu sentimita 40, upana 2, unene 1. Halafu vipande kumi vya plaiwudi ya milimita 4, kila kimoja urefu sentimita 30 na upana 2. Bawaba ndogo mbili na skurubu fupi zisizotokeza upande wa pili.

Laza fito mbili sambamba, ukingo wa nje hadi ukingo wa nje uwe sentimita 30. Gundisha vipande vitano vya plaiwudi kuzivuka, kama ngazi. Cha juu kabisa kiwe sawa na ncha za juu za fito, na kila kinachofuata kishuke sentimita 8. Cha chini kitabaki juu ya meza vya kutosha herini ndefu isiguse chini. Rudia kwa fremu ya pili. Acha gundi ikauke usiku kucha, na uzito juu yake. Mimi nilitumia vitabu vyangu vya chuo, hatimaye vikapata kazi.

Sasa angalia vizuri hapa. Vipande vya plaiwudi vinakaa upande wa nyuma wa fito, si wa mbele. Kwa nini? Kwa sababu kitabu kikifungwa, fito zinakutana uso kwa uso na kuacha nafasi ya sentimita 2 katikati. Herini zinabaki zimening'inia mle ndani. Dada hazitoi tena jioni. Anaweka kitambaa kilichokunjwa katikati ili zisicheze wala zisichomoke, anafunga kwa kamba, anakwenda zake feri. Asubuhi anafungua, na meza iko tayari. Kikifungwa, kitabu kizima kina unene usiofika sentimita 3.

Matundu: toboa kwa drili ya milimita 2, karibu na ukingo wa juu wa kila kipande, manane kwa kipande, kila moja sentimita 3 kutoka kwa jirani yake. Waya wa kulabu ya herini kwa kawaida una unene wa kama milimita 0.8, kwa hiyo unapita bila kusukumwa. Huna drili? Pasha msumari mwembamba moto kwenye jiko la makaa, ushike kwa koleo, toboa polepole. Fremu mbili, vipande kumi, matundu 80. Hizo ni jozi 40 za herini.

Na upepo? Nafasi iliyo wazi kati ya fito na vipande ni karibu theluthi mbili ya eneo lote la fremu. Upepo unapita katikati badala ya kusukuma. Ubao mzima uliofunikwa kitambaa ungependeza zaidi, lakini mbele ya kusi ungekuwa tanga la ngalawa. Kitabu kikifunguliwa kwa pembe kati ya digrii 60 na 90 kinasimama chenyewe. Funga uzi juu kuunganisha fremu mbili, kisiachame kupita hapo.

Stendi ya pili: nguzo ya vidani

Hii ina umbo la herufi T. Kitako ni ubao wa sentimita 20 kwa 20. Nguzo ni mti wa sentimita 35, unene 2 kwa 2. Mkono wa juu ni sentimita 25, na una vikato vidogo vya msumeno ili vidani visiteleze na kurundikana. Nguzo haigundishwi kwenye kitako. Gundisha vipande vinne vya mbao katikati ya kitako kutengeneza tundu la mraba, nguzo ichomekwe na kuchomolewa. Safarini vinalala bapa.

Shida ya T ni kuanguka. Vidani viko juu, kwa hiyo uzito uko juu. Tuseme nguzo na vidani vyake vina uzito wa kilo 1, na kitovu cha uzito kiko sentimita 22 juu. Kutoka katikati hadi ukingo wa kitako ni sentimita 10. Ikiinamishwa digrii 24 tu, imekwenda.

Ungesema: weka kitako kizito. Lakini sharti la kwanza linakataa, dada abebe mwenyewe. Basi suluhisho letu ni hili: uzito haubebwi, unaokotwa ukifika. Nilimshonea mfuko mdogo wa kitambaa wenye kamba ya kufungia. Asubuhi anaujaza mchanga, jioni anaumwaga. Lita moja ya mchanga mkavu ni kama kilo 1.5, na Mombasa hatujawahi kukosa mchanga. Ukiweka kilo 1.5 juu ya kitako, kitovu cha uzito kinashuka kutoka sentimita 22 hadi kama 10.6. Sasa lazima stendi iiname zaidi ya digrii 43 ndipo ianguke, na upepo unahitaji nguvu mara mbili na nusu ya ile ya kwanza kuanza kuiinua.

Dada alipendekeza chupa za maji badala ya mchanga, kwa kuwa maji anakuja nayo. Tukajadiliana. Maji anakunywa, na anamaliza kuyanywa mchana, saa ambazo upepo ndio umeanza kazi. Mchanga ukashinda kura.

Stendi ya tatu: mhimili wa bangili

Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Nenda kwenye maduka ya vitambaa uombe yale magogo ya kadibodi ngumu ambayo vitambaa huja vimezungushiwa. Wengi huyatupa. Chagua lenye kipenyo cha kama sentimita 5, maana tundu la bangili ya mtu mzima huwa sentimita 6 au zaidi kidogo. Kata sentimita 30. Lizungushie kitambaa cha rangi moja. Chonga vipande viwili vya plaiwudi vyenye pengo la nusu duara juu, gogo lilale hapo. Mteja anainua upande mmoja, anachomoa bangili, anajaribu. Safarini, nyuzi na koleo la dada huingia ndani ya gogo.

Kitambaa na kutu

Tumia kitambaa cha pamba cha rangi moja. Kwa shanga za rangi nyingi, weusi au maziwa hufaa. Kwa shaba na fedha, kijani kilichokolea au samawati nzito.

Epuka sufu na mpira. Fedha huwa nyeusi kwa sababu ya salfa, na sufu na mpira vyote vina salfa. Kufungia mkufu wa fedha kwa mpira wa kufungia pesa ni kuupaka weusi kwa makusudi. Kwa upande wa vanishi, ipake mapema na uache ikauke siku kadhaa mpaka harufu iishe.

Wenye majumba ya makumbusho wana jaribio la jambo hili. Linaitwa jaribio la Oddy, kwa jina la Andrew Oddy wa British Museum aliyelianzisha mwaka 1973. Unafungia kipande cha kitambaa au ubao ndani ya chombo pamoja na vipande vya fedha, risasi na shaba na maji kidogo, unaweka kwenye joto la digrii 60 kwa siku 28, kisha unatazama ni metali gani imebadilika rangi. Nyumbani hatuna tanuri ya kuacha mwezi mzima, lakini wazo unaweza kuliazima. Chukua chupa mbili za jemu. Katika kila moja tia waya wa fedha uliong'arishwa na pamba iliyoloa maji kidogo. Katika moja ongeza kitambaa chako. Zifunge, ziache juani kwa wiki kadhaa, kisha linganisha. Chupa isiyo na kitambaa ndiyo shahidi wako. Bila yake huwezi kujua kama mkosaji ni kitambaa au ni hewa yetu ya chumvi.

Gharama

Mabaki ya mbao kwa seremala, shilingi 150. Plaiwudi 200. Bawaba na skurubu 120. Gundi ya mbao 200. Msasa 60. Vanishi kopo dogo 250. Kitambaa cha pamba 200. Gogo la kadibodi bure, mchanga bure. Jumla shilingi 1,180, na gundi na vanishi vilibaki.

Kilichotokea

Nisiwadanganye kwamba mbao zimemfanya dada yangu tajiri. Stendi haitungi shanga. Kilichobadilika ni kwamba watu wanasimama. Mama wa makamo, ambaye zamani asingeinama, sasa ananyoosha mkono tu. Na ile nusu saa ya kufungua vidani, dada anaitumia kutunga.

Karo ya muhula wa tatu ililipwa, kiasi kikubwa kwa shanga na kilichopungua kwa mkopo wa chama. Mkopo ameshaulipa. Kazi ya kufua hajaenda. Lakini kila likizo anafanya hesabu upya, na hesabu hiyo hainihusu.

Nilipotaka kuandika haya nilimwomba ruhusa, na hakunijibu siku hiyo. Ni haki yake. Wauzaji wenzake wako hatua chache kutoka kwake, na wakisoma vipimo hivi kila mmoja atasimamisha herini zake, na ile mara tatu yake itakuwa ya wote. Mimi nimelelewa na programu huria. Linus Torvalds alipotoa Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi, aliwapa watu wasiomjua, na mimi nakula kwa kazi inayosimama juu yake. Lakini ni rahisi kuhubiri ukarimu wakati karo inayotegemea siri si ya watoto wako. Kwa hiyo sikumhubiria.

Baada ya wiki akanipigia. "Andika," alisema. "Wataiga mbao, waige. Mkono wangu hawawezi kuiga. Ila usitaje mahali ninapouzia, na uwaambie mchanga, wasije wakaweka maji."

Basi nimewaambia: mchanga.

Jirani yake mmoja, muuza pete, alikuwa ameshaiga hata kabla sijaandika. Alibandika kamba nene za pamba mbili mbili juu ya vipande vya kitabu, pete zikakaa zimebanwa katikati bila tundu hata moja. Dada aliiona, akaja nyumbani na kipimo, na sasa kitabu chake cha pili kina safu moja ya kamba chini. Hivyo ndivyo kazi huria inavyorudi nyumbani ikiwa imenenepa.

Sasa anataka taa, kwa sababu jioni watu wanaotoka kazini ndio wengi. Masharti ni yale yale manne, ameongeza la tano: isiumize macho ya mteja. Hiyo ni kazi ya Jumamosi ijayo, na angalau hapo kutakuwa na waya.